Kongosho Lililojifunza Kusikia

Saa tisa na robo alasiri, nyuma ya ukumbi wa harusi wa Ndulilo, Dakta Subilaga Kajigili alimfumania mgonjwa wake akila.

Alikuwa mwalikwa wa upande wa bwana harusi, na jikoni alifuata maji ya moto tu. Tusajigwe Mwaipopo, mpishi wa shughuli ambaye familia za Rungwe zilipanga tarehe za harusi kwa kumfuata yeye, alikuwa amesimama mbele ya sufuria ya mchuzi wa mbuzi. Alichota, akapuliza, akameza. Halafu akachukua kipande cha ndizi ya kukaanga, akakichovya kwenye mafuta yaliyoelea juu ya mchuzi, akala chote. Akafuatisha kingine.

"Mama Tusajigwe!"

Mpishi aligeuka, mwiko mkononi.

"Daktari. Karibu. Hujapata maji?"

"Saa hizi ni saa ngapi?"

"Si unajua mwenyewe."

Subilaga alijua. Kila mtu mwenye tezi ya kongosho ya kupandikizwa alijua saa kuliko alivyojua tarehe yake ya kuzaliwa. Tezi zilifunguka saa moja asubuhi, saa saba mchana na saa moja jioni, kila mara kwa dakika tisini, na watu mia mbili na kumi na wanne wa nyanda zile walikula kwa pamoja kama jeshi, hata kama mmoja yuko shambani na mwingine yuko mahakamani. Mtu akila nje ya muda huo, mafuta yalipita bila kumeng'enywa, na asidi ya tumbo ilishuka kwenye utumbo bila kitu cha kuizima. Wagonjwa walisema ni kama kumeza kaa la moto.

"Umeonja mara ngapi leo?"

Tusajigwe aliwaomba wapishi wenzake watoke kidogo. Walipotoka alifunika sufuria.

"Tangu saa kumi na mbili asubuhi. Mpishi asiyeonja anapika nini?"

"Na unaumwa?"

"Naumwa magoti."

"Tumbo, mama."

"Tumbo halina neno. Jumatatu nitakuja nikueleze. Leo niache, kuna watu mia nne huko nje na wali bado."

* * *

Jumatatu Tusajigwe alilala kwenye kitanda cha kliniki, kitenge kimeshushwa hadi kiunoni, na Subilaga akapitisha kisomeo juu ya kovu la zamani lililokuwa chini ya mbavu. Kisomeo kilitakiwa kulia mara tatu. Hakikulia hata mara moja.

"Kengele yako imekufa."

"Najua. Ilikufa mwaka jana, mwezi wa pili. Tulikuwa msibani, nikapotewa na saa, nikala saa kumi. Nilikaa kwenye mkeka nasubiri maumivu. Hayakuja. Kesho yake nikala tena saa kumi, safari hii kwa makusudi."

"Miezi kumi na minne, na hukuniambia."

"Ningekuambia ungefanya nini?"

Wote wawili walijua jibu. Kanuni ya Tisa ilisema Kengele iliyokufa ibadilishwe ndani ya siku kumi, na kuibadilisha maana yake ilikuwa kisu.

Kengele ilikuwa kazi ya mikono ya Subilaga. Kabla ya Kengele kulikuwa na Ambilikile Kasyupa.

Kongosho la mtu mzima wa afya haliangalii saa. Chakula kikitoka tumboni kikiwa kimejaa asidi, ukuta wa mwanzo wa utumbo mdogo huachia kwenye damu homoni iitwayo sekretini, na kongosho likiipata humwaga maji yenye magadi ya kuizima ile asidi. Chakula kikiwa na mafuta au nyama, ukuta uleule huachia homoni nyingine, kolesistokinini, na kongosho humwaga vimeng'enya. Vimeng'enya hivyo hutoka vikiwa vimelala, huamka vikishafika utumboni. Kisha zipo homoni za kusema basi, imetosha, acha. Mgonjwa ambaye kongosho lake limejaa vijiwe, kama walivyokuwa wagonjwa wote wa Ndulilo tangu ujana wao, hupoteza mazungumzo hayo yote. Hula akashiba, na bado mwili hulala njaa.

Subilaga alikuwa mtu wa kwanza katika nyanda hizo kuotesha kongosho jipya kutokana na seli za mgonjwa mwenyewe. Tezi zake za mwanzo zilisikia vizuri homoni za kumwaga. Zile za kuacha hazikuzisikia. Ambilikile Kasyupa, mwalimu wa hesabu, alipandikizwa wa tatu. Siku moja kijiwe kidogo cha nyongo kiliziba mlango wa mfereji wake. Kongosho la kawaida lingepunguza kasi, lake liliendelea kumwaga. Vimeng'enya viliamka humohumo ndani vikaanza kuila tezi yenyewe. Alikufa siku ya tatu, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa Subilaga.

Ndipo akatengeneza Kengele, kifaa kidogo kama punje ya mchele kilichochomekwa kwenye tezi na kuinyeshea homoni ya kuzuia mchana na usiku, kikinyamaza mara tatu tu kwa siku. Tangu hapo hakufa mtu, na kwa kuwa hakufa mtu, kisomeo kilitolewa tu mgonjwa alipolalamika.

Sasa alimpa Tusajigwe kidonge cha kupimia akimeze, kisha bakuli la maziwa mgando na nusu parachichi. Ilikuwa saa nne asubuhi. Kwenye ubao wa kioo, mstari wa magadi ulipanda, ukafuatwa na wa vimeng'enya. Subilaga aliegemea meza akasubiri. Dakika ya hamsini mistari yote miwili ilianza kuinama. Dakika ya themanini ilikuwa chini kabisa, imetulia.

Hakuna kifaa kilichoizuia. Tezi ilikuwa imekaa miaka tisa ndani ya mwili ule, na katika miaka hiyo ilikuwa imeota masikio.

"Mama, unajua ulichobeba humu ndani?"

"Najua kwamba nakula." Tusajigwe alikaa, akajifunga kitenge. "Usiandike, Daktari. Nakuomba. Ukiandika, wataniwekea mpya. Nina miaka sitini na moja. Nimepika kwa kunusa miaka minane, nikiwauliza wengine kama chumvi imekolea. Sirudi huko."

Subilaga alitazama faili, akatazama kalamu.

"Sitaandika," alisema, "mpaka wewe mwenyewe uniruhusu."

* * *

Wiki tatu baadaye aliletwa Lugano Mwakibete.

Lugano alikuwa fundi wa mashine za kukaushia chai, mwanamke wa miaka ishirini na minane ambaye zamani aliweza kunyanyua feni ya kiwandani peke yake. Sasa alikuwa na kilo arobaini na moja, na humo mlikuwa na mimba ya miezi sita. Homoni za mimba zilikuwa zimelegeza tumbo lake. Chakula cha saa moja asubuhi kilitapikwa, na kilichobaki kilikaa tumboni hadi saa nne ndipo kikateremka, wakati tezi ilikwisha kufungwa. Tezi ilipofunguka saa saba, utumbo ulikuwa mtupu. Walijaribu kumlisha kwa mshipa, mshipa ukaingia vijidudu mara mbili, na mara ya pili nusura afe. Mtoto hakuwa ameongezeka hata gramu moja kwa wiki mbili.

"Tumtoe," alisema daktari wa wajawazito. "Ana gramu mia sita. Nafasi yake ni ndogo, lakini mama atapona."

Lugano alisikia. Alikuwa amelala upande, uso umeelekea ukutani.

"Kuna njia nyingine?" aliuliza bila kugeuka.

Subilaga alisema ataangalia.

Siku ileile alikwenda nyumbani kwa Tusajigwe, akamkuta akichambua mchele uani. Alimweleza yote.

"Nipe ruhusa nipeleke vipimo vyako. Kwa ushahidi wako Mamlaka ya Tezi inaweza kuniruhusu kuifungua Kengele ya yule binti."

Tusajigwe aliendelea kuchambua.

"Na mimi?"

"Kanuni ni kanuni. Watataka uwekewe mpya wakati wanajadili."

"Wanajadili kwa muda gani?"

"Mwaka. Labda miwili."

"Uliniahidi, Daktari."

"Nilikuahidi."

"Basi hapana. Nisamehe. Nasikitika kwa ajili ya mtoto wa watu. Lakini hapana."

Aliporudi kliniki, Subilaga aliomba kuongea na Dodoma. Laiton Chaula, Mkaguzi Mkuu wa Mamlaka ya Tezi, alitokea kwenye ubao akiwa na miwani kwenye paji la uso. Alikuwa mtu wa haki, na hilo ndilo lililomfanya awe mgumu.

"Nina sababu ya kuamini tezi za zamani zimekomaa," Subilaga alimwambia. "Zinasikia homoni za kuacha. Naomba ruhusa ya dharura kwa mgonjwa mmoja."

"Umeona kwa nani?"

"Siwezi kusema."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu nimeahidi."

Chaula alishusha miwani machoni.

"Daktari, unaniomba nifungue kitu ambacho kwa miaka kumi na miwili kimewaweka hai watu mia mbili na zaidi, na ushahidi wako ni siri. Tena hiyo Kanuni ya Tisa aliyeiandika ni wewe. Nimeifungua hapa, sahihi yako iko chini. Umeandika kwamba hakuna huruma itakayoruhusiwa kutangulia ushahidi."

"Nilikuwa nimetoka kuzika mtu."

"Ndiyo maana niliisoma kwa heshima. Lete ushahidi wenye jina la mgonjwa, nami nitapigania ruhusa yako. Bila huo, Kengele haifunguliwi."

Ubao ulizimika. Faili la Tusajigwe lilikuwa kwenye kabati la mkono wa kulia. Kulituma kungechukua muda wa kunywa chai. Angevunja neno alilompa mwanamke mmoja mzima ili kumwokoa mwingine aliye karibu kufa, na watu wengi wangemwambia amefanya vyema. Lakini Tusajigwe alikuwa amemfungulia tumbo lake kwa sababu ya neno lile. Kama neno la daktari lilikuwa la kuvunjwa kila shida inapokuwa kubwa vya kutosha, basi kesho hakuna mgonjwa ambaye angemwambia ukweli.

Alifunga kabati kwa ufunguo.

* * *

Enesia Kasyupa, mjane wa Ambilikile, alifuga ng'ombe wa maziwa upande wa pili wa kilima. Subilaga hakuwa amefika pale tangu matanga. Alimkuta zizini akiwa na buti za mpira, akimpapasa mtamba aliyekuwa anaumwa kwato.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Pita, ila angalia unapokanyaga."

Subilaga alisimama kando ya uzio, akasema kila kitu isipokuwa jina la mpishi. Alisema kwamba kuna binti anakufa kwa njaa huku anakula. Alisema anadhani tezi zimejifunza, lakini ya binti huyu imenyeshewa homoni ya kuzuia kwa miaka kumi na moja mfululizo, na huenda kelele hizo zimeifanya kiziwi. Kengele ikizimwa haiwashwi tena. Tezi ikifunguka isijifunge, kuna sindano, na sindano hiyo Ambilikile pia alichomwa, ikachelewa.

"Kwa hiyo nataka kufanya tena kitu kilekile kilichomuua mumeo," alimaliza.

Enesia aliiacha kwato. Alinawa mikono polepole kwenye ndoo.

"Umekuja kuomba ruhusa, au umekuja kuomba msamaha?"

Subilaga alitazama matope kwenye viatu vyake.

"Msamaha nilishakupa siku ileile, hukuuchukua. Ukakimbilia kutengeneza hicho kijidudu chako cha kuwafungia watu midomo." Hakusema kwa hasira. "Ambilikile aliijua hatari. Ulimchorea kwenye karatasi, akaja nayo nyumbani, akanifafanulia na mimi. Akasema, Enesia, ningependa kula na wewe bila kuogopa, hata kama ni mwaka mmoja. Alikula miezi saba. Nilimpikia mpaka nikachoka. Hao wa baada yake uliwauliza?"

"Niliwalinda."

"Nimekuuliza kama uliwauliza."

Mtamba aliguna. Ukungu ulikuwa unapanda kutoka bondeni, na matanki ya kukinga umande juu ya paa yalianza kudondosha maji moja moja.

"Hapana," alisema Subilaga. "Sikuwauliza."

"Basi ruhusa siyo yangu. Nenda kamuulize mwenye tumbo."

* * *

Alimuuliza Lugano asubuhi iliyofuata. Alimkalisha, akavuta kiti karibu, akamchorea kwenye karatasi: hapa tumbo, hapa utumbo, hapa tezi, hapa mfereji. Alimwambia kuhusu Ambilikile bila kupunguza neno, hadi siku ya tatu. Alimwambia kwamba Mamlaka imekataa, na kwamba yeye daktari anaweza kupoteza leseni, lakini hilo Lugano asilibebe.

"Nani mwingine amefunguliwa akapona?"

"Yupo. Siwezi kukutajia."

"Lakini umemwona kwa macho yako?"

"Nimemwona akila saa tisa alasiri, akaniambia anaumwa magoti."

Lugano alicheka, kicheko chembamba kilichomchosha. Aliishika karatasi kwa muda mrefu, kidole chake kikifuata mfereji kama alivyofuata mabomba ya kiwandani.

"Mashine ikikaa miaka kumi na moja na valvu imefungwa," alisema, "unaifungua kidogo kidogo, unasikiliza. Hufungui yote kwa mara moja."

"Hii haina kidogo kidogo. Ikizimwa imezimwa."

"Basi chakula ndicho kiwe kidogo kidogo."

Subilaga alimtazama. Miaka yote ile hakuwa amefikiria kwamba mgonjwa anaweza kuongeza kitu kwenye mpango.

"Sawa," alisema. "Chakula kiwe kidogo kidogo."

"Nifungulie, mama. Mimi nimekubali. Andika kwamba nimekubali."

Kwanza alimpiga picha ya mfereji na kifuko cha nyongo, akahakikisha hakuna kijiwe hata cha ukubwa wa chembe ya mchanga. Sindano ya kuzuia ikawekwa kwenye sahani, imefunguliwa tayari. Saa nne na dakika kumi Subilaga aliweka kisomeo juu ya tumbo la Lugano, akaingiza namba ambazo yeye peke yake alizijua, akabonyeza. Kengele ililia mara moja ndefu, ikanyamaza.

Walisubiri nusu saa homoni ya kuzuia iishe kwenye tezi. Kisha Lugano alimeza kidonge cha kupimia na vijiko vitatu vya supu yenye mafuta.

Dakika kumi, hakuna kitu. Dakika kumi na tano, hakuna kitu.

"Imelala," alisema Lugano.

Dakika ya kumi na nane mstari wa magadi ulitikisika, ukaanza kupanda. Wa vimeng'enya ukafuata. Ilipanda vizuri, kama ya mpishi. Dakika ya thelathini ilikuwa bado inapanda. Dakika ya arobaini Subilaga alikuwa ameshika sindano bila kujua ameichukua saa ngapi. Vijiko vitatu vya supu havikuhitaji kiasi kile. Vilikuwa vimekwisha kumeng'enywa, na tezi ilikuwa bado inamwaga.

"Unasikia maumivu?"

"Nasikia joto."

"Wapi?"

"Hapa. Si maumivu. Joto."

Dakika ya hamsini. Tezi ya Tusajigwe wakati huu ilikuwa imeshaanza kuinama. Ya Lugano ilipanda. Sindano ingeizuia, na pia ingefuta jibu. Wasingejua kamwe kama ilikuwa na masikio, na Kengele ilikuwa imekwisha kufa. Subilaga aliona mkono wa mwalimu wa hesabu ndani ya mkono wake.

"Lugano, nataka kukuchoma."

"Imefika kwenye hatari?"

"Hatari ni kwenye mstari ule mwekundu. Bado vidole viwili."

"Basi ipe vidole viwili."

Subilaga alimshika mkono. Dakika ya hamsini na nne. Hamsini na sita. Kidole kimoja. Subilaga alipangusa ngozi ya Lugano kwa pamba, akaielekeza sindano.

Mstari ulisimama.

Ulisimama kama mtu aliyeitwa jina lake njiani. Halafu ukainama, taratibu mwanzoni, kisha kwa kasi, ukashuka mpaka chini, ukatulia pale kana kwamba haukuwahi kwenda popote.

"Imesikia!" Subilaga alipiga kelele mpaka watu wa chumba cha pili wakaja mbio. "Imesikia, Lugano! Imesema basi!"

Lugano alikuwa analia na kucheka kwa pamoja, mikono yote miwili juu ya tumbo.

"Ndaga," alisema kwa lugha ya mama yake, akishukuru, na haikujulikana anamshukuru nani kati ya daktari, tezi na mtoto. Kisha akasema, "Nipe vijiko vinne."

* * *

Laiton Chaula alifika Ndulilo siku ya tatu, kwa sababu Subilaga mwenyewe ndiye aliyemwandikia. Alimsimamisha kazi palepale, kwa sauti ya upole, akakusanya funguo.

"Umefanya bila ushahidi," alisema.

"Nimefanya bila ruhusa. Ushahidi nilikuwa nao."

"Basi nitautafuta mwenyewe. Kengele zote zitakaguliwa, moja moja."

Habari zilienea kabla ya jioni. Asubuhi ya ukaguzi, mtu wa kwanza kwenye foleni alikuwa Tusajigwe Mwaipopo, amevaa kitenge cha sherehe. Mtu aliyemleta alisema hakulala tangu aliposikia Lugano amefunguliwa kwa neno la mgonjwa asiyetajwa.

"Nianzieni mimi," alimwambia Chaula. "Yangu imekufa miezi kumi na mitano. Daktari alijua, akalinda neno lake mpaka kazi ikamponyoka. Mimi ndiye niliyemkatalia kusema. Andika hivyo. Na kama kuna kisu, nipo."

Chaula aliandika. Hakutoa kisu. Aliita namba mbili.

Ukaguzi ulichukua siku kumi na tisa. Alikwenda mwenyewe hadi vijiji vya mwisho, na kila usomaji aliurudia mara mbili. Kila siku alipita wodini kwa Lugano, akasimama mlangoni akitazama uzito ulioandikwa ubaoni: arobaini na tatu, arobaini na tano, arobaini na nane.

Siku ya kikao cha kamati ya Mamlaka ukumbi ulijaa. Chaula alisimama na karatasi moja.

"Waliokaguliwa ni mia mbili na kumi na wanne," alisoma. "Wenye Kengele zilizokufa ni thelathini na saba. Ya zamani kuliko zote ilikufa miaka sita iliyopita."

Ukumbi ulivuma. Watu walianza kutazamana. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi alijikuta akiungama mbele ya wote kwamba kwa miaka minne alikuwa akijifungia stoo saa tano asubuhi ili ale chapati, na kwamba harusini alikuwa akikunja uso kwa makusudi kama anayeumwa, wenzake wasimshuku. Mwanamke wa safu ya nyuma alisimama akasema hata yeye. Kicheko kilipasuka, Chaula akasubiri kiishe.

"Kati ya hao thelathini na saba," aliendelea, na sauti yake ilibadilika kidogo, "walioumia ni sifuri. Tezi zote thelathini na saba zinafunguka na kujifunga zenyewe. Nilikuja hapa kutafuta kosa. Nimehesabu mara mbili, na ninachokiona ni kwamba watu hawa wamepona, na wamelazimika kuficha kupona kwao. Napendekeza Kanuni ya Tisa ifutwe."

Enesia Kasyupa, aliyekaa kwenye kamati kwa niaba ya familia zilizofiwa, alinyoosha mkono.

"Isifutwe tu. Muandike nyingine mahali pake. Muandike kwamba kila mmoja achorewe karatasi, aelezwe hatari, aulizwe mwenyewe. Anayetaka kufunguliwa afunguliwe. Anayetaka kubaki na saa zake abaki, na asichekwe."

Ilipita bila mkono hata mmoja wa kupinga. Watu waliimba. Mwenye duka alibebwa juujuu kwa sababu zisizojulikana.

Kwa kuzima Kengele bila ruhusa, Subilaga alipewa adhabu yake palepale: miezi sita bila kumgusa mgonjwa yeyote. Alisimama akasema ni haki. Kisha Enesia akaja akamshika mabega mbele ya watu wote, na safari hii Subilaga alilia, akauchukua msamaha wake.

Katika wiki zilizofuata watu mia moja na sitini walichorewa karatasi, wakafunguliwa na madaktari ambao Subilaga aliwaachia zile namba, mmoja mmoja, vijiko vitatu vya kwanza kwa kila mtu kama Lugano alivyosema. Kumi na saba walichagua kubaki na Kengele. Mmoja wao alisema amezoea, na mkewe pia amezoea.

Lugano alijifungua Jumanne, saa tano asubuhi, miezi tisa kamili. Subilaga alikaa kwenye benchi la wageni nje ya mlango, mikono kwenye mapaja, kama mtu mwingine yeyote. Alisikia kilio. Alisikia mkunga akisoma mizani kwa sauti kubwa: kilo mbili na gramu mia tisa. Alisikia Lugano akimwambia mumewe ana njaa, aletewe chochote, tena kingi.

Mlango ulifunguka. Mkunga alitoka na kifurushi cha khanga, akamnyooshea. Subilaga alirudi nyuma hatua moja.

"Sina ruhusa. Nimekatazwa kugusa mgonjwa."

Mkunga alikitazama kifurushi, ngumi ndogo za mtoto zimekunjwa, uso mwekundu kwa kelele.

"Huyu?" alisema. "Huyu si mgonjwa."

Subilaga akampokea.